Usimwambie Tajiri

Ndugu msomaji, nina swali ambalo limenikaa kooni muda mrefu, na leo nimeona nilitoe hadharani ili tusaidiane. Mtu anayefanya kazi ngumu, yenye ujira mdogo, kazi inayoweza hata kumuua, je, ni sawa aifurahie? Na kama anaifurahia, je, ni sawa aseme? Utaona ni swali la kipuuzi. Utasema kijana huyu kakosa la kuandika, tangu lini furaha ikahitaji kibali? Subiri kwanza nikusimulie, halafu utanihukumu mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Geita mjini. Ukitaja Geita watu wanafikiria dhahabu tu, na wana sababu. Mgodi wa enzi za Mwingereza ulifungwa mwaka 1966, huu mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000, na wachimbaji wadogo nao wamejaa vilimani. Mtaani kwetu ukimaliza shule huulizwi unakwenda kusoma wapi, unaulizwa umeingia duara gani. Watu wanasahau kwamba tuna ziwa. Hata neno mwalo kwetu lina maana mbili: kuna mwalo wa kuoshea mchanga wa dhahabu, na kuna mwalo wa mitumbwi. Mimi nilikuwa naujua ule wa kwanza tu. Huu wa pili niliujua baada ya matokeo ya kidato cha nne, ambayo naomba tusiyazungumzie.

Mama alinivumilia wiki mbili, nikishinda nimelala na daftari kifuani, naandika riwaya yangu isiyokwisha. Wiki ya tatu akasema, "Mwanangu, hayo madaftari hayaliwi. Nenda kwa mjomba wako Nkome ukajifunze kazi." Nikapanda gari, tukapita Nzera, vumbi hadi kwenye meno, na jioni nikaliona ziwa.

Mjomba alikuwa nahodha wa mtumbwi wa dagaa. Mtumbwi si wake, ni wa tajiri. Huko kila mwenye chombo anaitwa tajiri hata kama anadaiwa dukani. Tulikuwa watano: mjomba, mzee mmoja Mkara, kijana mmoja Mjita, jamaa mmoja aliyekimbia maduara ya Katoro, na mimi bwana mdogo wa kukumba maji. Mgawo wetu ulikuwa hivi: yakishatolewa mafuta ya mashine na chakula, kinachobaki kinakatwa katikati. Nusu ya tajiri, nusu ya sisi watano. Usiku ukiwa mbaya tulirudi mikono mitupu, na deni la mafuta linatusubiri nchi kavu.

Sasa, dagaa wanavuliwa gizani. Mwezi ukiwa mpevu nuru inatapakaa ziwa zima, taa yako haina tena maana kwa dagaa, basi watu wanabaki nchi kavu wanashona nyavu na kulala. Mwezi ukipotea ndipo kazi inaanza. Jambo hili lilinishangaza sana. Tangu utotoni giza nililijua kama kitu cha kukimbiwa. Ukichelewa dukani mama anakugombeza. Kumbe kuna watu wanaohesabu siku wakilingojea giza kama mfanyakazi wa serikali anavyongojea tarehe ya mshahara.

Mnatoka jua likizama. Mashine inaunguruma, nchi kavu inakuwa mstari, mstari nao unapotea. Mkifika, mjomba anazima mashine. Hapo, ndugu yangu, ndipo nilipojua kwamba mjini sijawahi kusikia kimya. Unasikia maji yakigonga ubao. Unasikia mwenzako akimeza mate. Taa zinawekwa kwenye maboya na kuachwa zielee. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri na sola, ila mzee wetu Mkara aliendelea kuziita karabai na hakuna aliyemsahihisha. Usiku wa kwanza nilitazama mbele nikaona taa nyingi zimepangana kama mji mkubwa. Nikauliza, "Mjomba, ule mji gani?" Walicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Mjomba akanijibu, "Ule mji ni wetu, mjomba. Asubuhi huuoni."

Baada ya hapo ni kungoja. Na raha yenyewe, usishangae, iko kwenye kungoja. Wadudu wadogo wa ziwani wanaijia taa kama moshi, wanaingia puani, wanaingia kwenye chai. Chini ya taa maji yanaanza kubadilika: kwanza kama vumbi, halafu kama mtu anamwaga sindano. Ni dagaa hao. Hamuwachukui mara moja. Mnawaacha wajae. Na wakati huo wa kuwaacha wajae, kila mmoja alikuwa na mshipi wake wa mkono, ndoano moja na chambo cha furu, kwa ajili ya sangara. Kwa sababu dagaa wakijaa, sangara naye yuko karibu, amekuja kula.

Mshipi unaulaza juu ya kidole cha shahada. Husemi. Kidole ndicho kinachosikiliza. Unaweza kukaa saa nzima, mguu umekufa ganzi, baridi imeingia kwenye mbavu, na bado usingependa kuwa mahali pengine popote duniani. Kisha kidole kinaguswa, kama mtoto anakuita kwa aibu. Kisha mshipi unavutwa kweli kweli, na moyo wako unaruka. Sangara mkubwa akifika juu anaruka nje ya maji, kinywa wazi, anatikisa kichwa kama anakataa. Taa ikimpiga, macho yake yanawaka njano. Mimi niliyetoka kwenye mji wa dhahabu sikuwahi kuiona dhahabu ikiwaka vile.

Najua utaniuliza, na samaki je? Ni kweli. Kule kuruka ninakokusifia ndiko kufa kwake. Wala simtetei sana. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili, aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na aliwala furu mpaka aina nyingi zikatoweka. Lakini nilipokuwa nimeushika mshipi ule niliona jambo ambalo sijalisahau: furaha yangu na mateso yake vilikuwa kwenye kamba moja. Kilichonitetemesha mimi kwa raha ndicho kilichomtetemesha yeye kwa maumivu. Aliyeshika upande mmoja wa kamba anaweza kusahau kwa urahisi kwamba kuna upande wa pili. Niliwaza samaki tu wakati ule. Sikuwaza watu.

Yule kijana Mjita ndiye aliyekuwa roho ya mtumbwi. Alikuwa na mke na mtoto mdogo, na alikuwa mcheshi asiye na mfano. Aliiga sauti ya diwani, aliiga padri, alimwiga tajiri akihesabu ndoo za dagaa huku anajifanya hajui kujumlisha. Usiku mmoja tulipata sangara watatu wa mshipi, wakubwa, na dagaa wamejaa. Alisimama, akanyosha mikono kuelekea ule mji wetu wa taa, akasema kwa sauti, "Jamani, mimi hata wasiponilipa nitakuja tu!"

Sote tulicheka isipokuwa mjomba. Mjomba alisema taratibu, "Punguza sauti, maji yanabeba maneno. Na hayo usimwambie tajiri."

Nilidhani ni utani. Kumbe ndiyo ilikuwa falsafa yake yote ya maisha. Baadaye alinieleza tukiwa tunafunga nyavu: mwenye kazi akijua unaipenda, ameshapata kitu cha kukukata. Ukilalamika atakuambia si unaipenda? Kwa hiyo mvuvi akifika nchi kavu anakunja uso. Anashika kiuno. Anasema usiku ulikuwa mgumu. Hasemi uongo, usiku ulikuwa mgumu kweli, lakini anaficha nusu ya ukweli kama mtu anavyoficha hela kwenye soksi.

Mimi, bwana, sikuwa na soksi. Nilikuwa na daftari.

Niliandika kurasa tatu kuhusu usiku ule. Niliona ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Niliweka taa, niliweka kimya, niliweka kidole na mshipi, na nikaweka maneno ya kijana Mjita kama alivyoyasema. Asubuhi moja pale kwa mama lishe, watu wanakunywa chai na vitumbua, nikaombwa nisome. Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji. Watu walipiga makofi. Tajiri wetu naye alikuwepo, amekaa pembeni. Alicheka mpaka machozi, akanipa hela ya soda, akasema nina kipaji. Mjomba alikuwa anatazama kikombe chake. Wala hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Siku kama kumi baadaye wenzangu walikwenda kwa tajiri na madai mawili: anunue majaketi ya kuokolea, na deni la mafuta ya usiku mbaya lisiwe letu peke yetu. Nilikwenda nao. Tajiri aliwasikiliza vizuri tu. Halafu akasema, akitabasamu, "Sasa nyie mnanichanganya. Si mmeandikwa kwamba hata msipolipwa mtakuja?" Wote wakacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyefungwa goli. Hakuna aliyenitazama.

Mwezi uliofuata upepo uliwakuta ziwani wakati wanavuta wavu. Mimi sikuwemo, nilikuwa na homa, nimelala kwa mjomba nasikia mabati yakipigwa. Wimbi lilimtoa kijana Mjita kwenye mtumbwi. Walimzungukia mpaka kukakucha. Alionekana siku ya tatu.

Sijui kama jaketi lingemwokoa. Nimejiuliza mara nyingi na sijui. Najua tu kwamba hakuwa nalo. Kwenye mazishi tajiri alitoa jeneza na gunia la mahindi, na alipopewa nafasi ya kusema neno alisema, "Marehemu alilipenda ziwa. Amefia kwenye kitu alichokipenda." Watu waliitikia kwa vichwa. Yalikuwa maneno mazuri na yalikuwa ya kweli, na mimi nilijua yametoka wapi. Baada ya maneno yale hakuna aliyeuliza mjane atapewa nini. Ilikuwa kama ameshalipwa.

Ndiyo maana nauliza. Je, mjomba alikuwa sahihi? Je, maskini afiche furaha yake?

Usidhani ni jambo la wavuvi peke yao. Walimu wetu waliambiwa kwamba ualimu ni wito, na kila walipodai stahili zao waliambiwa tena ni wito. Wauguzi vivyo hivyo. Na sisi tunaoandika, ambao tunapeleka hadithi zetu kwenye magazeti na tunashukuru tukiona jina letu tu, si tunaambiwa tuandike kwa mapenzi? Mahali pengi mapenzi ya mfanyakazi yamegeuzwa kuwa sehemu ya mshahara wake. Anayemlipa anayapiga hesabu na kuyakata.

Kwa upande mwingine, tazama yanayotokea furaha ikifichwa. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtu wa Austria, alitoa filamu yake Darwin's Nightmare kuhusu biashara ya sangara pale Mwanza. Ndani yake mna mapanki, mna watoto wa mitaani, mna wanawake wanaojiuza, mna ndege za mizigo. Serikali ilikasirika, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani. Sina haja ya kurudia ugomvi ule. Shida iliyoonyeshwa ipo, hata mimi nimeiona kwa macho yangu. Lakini mtu aliyelijua ziwa kwa filamu ile tu angedhani hakuna anayecheka kwenye ziwa zima. Angemwonea huruma kijana Mjita, na asingeweza kumjua.

Na upande wa pili kuna picha nyingine. Magharibi ya Nkome kuna kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Watalii wanakwenda kule kuvua sangara huyu huyu kwa fimbo, kwa starehe. Wengine wanapiga naye picha, wanambusu, wanamrudisha majini. Siwachukii. Naamini kidole cha Mzungu kikiguswa na mshipi kinasikia kile kile nilichosikia mimi. Tofauti ni kwamba yeye akichoka anakwenda kulala. Upepo ukija haitwi kazini.

Basi samaki ni mmoja, maji ni mamoja, na kuna picha mbili: moja ya mateso matupu, nyingine ya raha tupu. Mtu niliyemjua hayumo katika yoyote. Yeye alikuwa anacheka na anadai. Alikuwa na furaha na alikuwa anadhulumiwa, usiku ule ule, katika mtumbwi ule ule.

Wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Kila mara tunaitumia methali hii kwa maana ya kwamba mwenye kusifu anajua anachokisema. Mimi sasa naiona kwa namna nyingine. Kuloana hakumnyimi mtu haki ya kuisifu mvua. Tena yeye ndiye mwenye haki hiyo kuliko sisi tuliosimama barazani. Lakini sifa yake isitumiwe kumnyima mwavuli. Hayo ni mambo mawili, na dhuluma inaanzia pale yanapofanywa moja. Mtu kuipenda kazi yake hakumpunguzii hata senti moja ya anachostahili. Ukimlipa mtu kidogo kwa sababu anaimba akiwa kazini, umemwibia mara mbili: umechukua hela yake, na umemfundisha kunyamaza.

Na kosa langu nimelijua. Halikuwa kuandika furaha. Furaha ilikuwepo, sikuizua. Kosa langu lilikuwa kuandika upande mmoja wa kamba, kwa kuwa ndio uliokuwa mtamu, na ndio ulioniletea makofi. Niliacha mgawo. Niliacha deni la mafuta. Niliacha kwamba watu watano walikuwa gizani bila jaketi hata moja. Niliyaona yote haya, ila niliona yataharibu uzuri wa kurasa zangu. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na watu wake wanalima, wanapika pombe, wanagombana na wakwe, wanahangaikia mtoto, na wanacheka, vyote ndani ya kitabu kimoja. Kwake kicheko hakijafuta shida, wala shida haijafuta kicheko. Sisi vijana tunataka kuchagua.

Namalizia na jambo moja. Kabla sijarudi Geita mjini nilikwenda kumuaga mjane. Nilitaka kumwomba radhi, maneno yakanikwama. Yeye ndiye aliyeanza. Aliniuliza, "Shemeji, zile karatasi ulizosoma pale kwa mama lishe bado unazo?" Nikasema ninazo. Nilidhani atasema nizichome. Akasema, "Naziomba. Huyu mtoto hatamkumbuka baba yake. Nataka akikua ajue alikuwa anacheka."

Sikumpa siku ile. Nilimwambia anipe siku mbili. Nilikaa kwa mjomba nikaziandika upya kwa mwandiko safi. Sikufuta kitu. Mji wa taa nimeuacha, mshipi nimeuacha, na yale maneno yake ya kwamba hata wasipomlipa atakuja, nayo nimeyaacha kama alivyoyasema. Kisha nikaongeza ukurasa wa nne. Humo nikaandika tulikuwa wangapi, nusu ilikwenda kwa nani, deni la mafuta lilikuwa la nani, tulikwenda kwa tajiri kuomba nini, na alitujibu nini. Mjomba aliusoma ukurasa ule kwa taa ya simu, polepole, kidole kwenye kila mstari. Alipomaliza akanirudishia, akasema, "Hizi zote nne, mjomba, mwambie tajiri."